Sukari ya damu na vidonge vya madini: hapa nani anamwibia nani?

Shangazi yangu ana kisukari mwaka wa tisa sasa, na siku moja nimeenda kumsalimia nikakuta pembeni ya kitanda kikapu kizima cha makopo. Nikahesabu, saba. Magnesiamu, zinki, kromiamu, vitamini D, vitamini C ile ya kuyeyusha kwenye maji ikachemka fyuuu, multivitamini ya maji, na kopo moja halina hata maandishi ya kueleweka, lina picha ya kongosho limechorwa linatabasamu.

"Shangazi, hizi zote za nini?"

"Mwanangu, nimeelezwa sukari sio ugonjwa, ni upungufu wa madini tu. Ukirudisha madini kongosho linaamka."

Nikamuuliza na vile vidonge vyake vya kliniki je. Akasema, "Vile nimepumzika kwanza." Tukapima sukari asubuhi ile kabla hajala kitu, mashine ikasoma 17.

Sasa hii habari ya "sukari ni upungufu wa madini" shangazi hakuitunga yeye, inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye semina za wauza virutubisho, hadi kwenye spika za gari linalotembea mtaani, na inashika watu kwa sababu ndani yake kuna ukweli kidogo. Uongo mtupu ungekuwa rahisi kuukataa. Huu umechanganywa na ukweli, kwa hiyo inabidi tukae tuuchambue taratibu.

Tuanze na maneno maana hapo ndo vurugu inapoanzia. Sukari ya damu sio ile ya kwenye kibakuli cha chai peke yake. Ni glukosi, na inatoka kwenye ugali, wali, chapati, mihogo, ndizi, viazi, soda, juisi, vyote hivyo tumbo likivisaga mwisho wa siku vinaishia huko. Mtu mzima ana damu kama lita 5 hivi, na kwa mtu mzima wa afya sukari yote inayoelea ndani ya hiyo damu wakati hajala ni kama gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja mwili mzima! Ndo maana mwili unahangaika sana kuilinda isizidi wala isipungue. Kwenye mashine zetu hizi, asubuhi kabla ya kula, ukisoma chini ya 5.6 uko vizuri, ukifika 7 na kuendelea na kipimo kikarudiwa kikasema hivyo hivyo, hapo ni kisukari. Katikati ya hapo ni eneo la hatari, bado hujaugua ila uko njiani.

Madini ni vitu vya ardhini, chuma, zinki, magnesiamu, potasiamu, vinaingia kwenye mimea, sisi tunakula mimea au tunakula mnyama aliyekula mimea. Vitamini zinatengenezwa na viumbe hai, na sisi nyingi hatuwezi kujitengenezea za kututosha kwa hiyo lazima tule. Sapulimenti, au virutubisho, au wengine wanaita dawa lishe, ni hivyo hivyo vitu vimewekwa kwenye kidonge. Kitu cha kushika hapa ni kwamba vinahitajika kidogo sana, miligramu, vingine hata chini ya hapo. Fikiria unapika pilau: mchele kilo mbili, chumvi vijiko. Bila chumvi pilau halipiti kooni, kweli kabisa, lakini ukimimina chumvi mara kumi hupati pilau mara kumi, unapata kitu cha kumwaga. Watu wengi wanakwama hapo hapo, wanasikia "mwili hauwezi kufanya kazi bila magnesiamu" wanaelewa "nikiongeza magnesiamu mwili utafanya kazi zaidi".

Konda, mlango na fungu la mchicha

Chukua stendi ya daladala saa kumi na moja jioni. Abiria wamejaa barabarani, hao ndo sukari. Barabara ndo damu. Daladala ndo seli za mwili, misuli, ini, mafuta, huko ndo sukari inatakiwa ipande ikatumike. Na insulini ndo konda, homoni inayotoka kwenye kongosho, inakuja inagonga bodi, mlango unafunguka, abiria wanapanda, barabara inapumua.

Kisukari aina ya kwanza, makonda hawapo. Kinga ya mwili imeshambulia zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mara nyingi kwa watoto na vijana ingawa mtu mzima naye anaweza kuupata. Aina ya pili, hii ya shangazi na ya watu wengi tunaowajua, makonda wapo, tena mwanzoni wapo wengi kuliko kawaida, wanagonga na kugonga lakini mlango unakuwa mgumu, kongosho linaongeza makonda wengine, miaka inaenda, mwishowe linachoka na makonda wanapungua.

Hapa lazima niseme kitu kabla sijaendelea maana ni cha kufa na kupona. Kwa aina ya kwanza hakuna dini wala madini ya kumleta konda ambaye hayupo. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 akachomwa kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson, wa kwanza kutibiwa nayo. Kabla ya hapo mtoto akipata huu ugonjwa wazazi walikuwa wanahesabu siku, na hao watoto hawakukosa zinki. Mtoto wa aina ya kwanza ukimwachisha sindano ukampa makopo, anaweza kupotea ndani ya siku chache tu.

Haya, madini yanaingilia wapi sasa?

Zinki iko kule kule kiwandani. Insulini ikishatengenezwa haitolewi yote muda huo huo, inahifadhiwa kwenye vijifuko ndani ya seli za kongosho ikisubiri ule. Na inavyohifadhiwa ni kama mafungu ya mchicha sokoni, molekuli sita sita zimekusanywa pamoja, na kamba ya kufungia fungu ni zinki. Ukila, mafungu yanatoka, kamba inaachia, insulini inatawanyika. Ni kitu kizuri sana ukikifikiria. Kwa hiyo muuzaji akikwambia zinki inahusika na insulini hajadanganya. Anadanganya anaporuka kutoka hapo kwenda kwenye "kunywa zinki upone", kwa sababu mama ntilie aliyeishiwa mchicha humsaidii kwa kumpelekea gunia la kamba.

Magnesiamu iko kwenye mlango. Konda akigonga, ndani ya seli kuna mlolongo wa vimeng'enya unaopokea ile taarifa na kufungua, na vingi kati ya hivyo vinahitaji magnesiamu ili vifanye kazi. Ichukulie kama grisi ya mlango. Grisi ikikauka mlango unakwama hata konda akigonga mpaka mkono uume. Na potasiamu yenyewe ina stori yake: insulini ikifungua mlango, potasiamu nayo inaingia ndani ya seli. Hospitali wanautumia huo mchezo kila siku, mgonjwa ambaye potasiamu yake imepanda kufikia kuhatarisha moyo anapewa insulini pamoja na dripu ya glukosi, sio kwa sababu ana kisukari, ni ili potasiamu itoke kwenye damu ikaingie ndani. Ukiona hivyo unaelewa kwamba sukari na madini kweli ni majirani wa ukuta mmoja.

Mvua inayobeba udongo

Sasa tufike kwenye kiini. Ukiwapima wagonjwa wa kisukari aina ya pili, wengi unawakuta magnesiamu iko chini kuliko watu wengine. Hii ni kweli, imepimwa sana sehemu nyingi. Muuzaji anaichukua hiyo anakwambia, umeona? Upungufu ndo umeleta kisukari. Lakini ukimkuta mtu kalowa chapachapa huwezi kusema yeye ndo kaleta mvua.

Figo zetu kazi yake ni kuchuja damu na kurudisha vitu vizuri visipotee kwenye mkojo, sukari ikiwemo. Lakini uwezo wao una kikomo. Sukari ikipanda kama kwenye 10 hivi kwenda juu, figo zinazidiwa, sukari inaanza kumwagika kwenye mkojo. (Wazee walikuwa wanajua hili bila maabara, mtu akikojoa nje sisimizi wakajaa walikuwa wanamwambia nenda kapime.) Na sukari haitoki peke yake, inavuta maji, ndo ile kukojoa kila saa na kiu isiyoisha, na yale maji yakitoka kwa kasi yanabeba magnesiamu, yanabeba potasiamu, yanabeba zinki na vitamini zile zinazoyeyuka kwenye maji. Ni kama mvua kubwa kwenye shamba la mlimani, maji yanashuka na udongo wa juu ule mzuri wote unaenda nao mtoni.

Kwa hiyo wizi upo kweli, ila mwizi ni sukari, anayeibiwa ni madini. Na kwa upande wa magnesiamu inageuka kuwa mzunguko, maana ikishapungua mlango unazidi kuwa mgumu, sukari inazidi kupanda, mkojo unazidi kubeba. Ndo ule ukweli kidogo niliosema. Lakini ukitaka kuokoa udongo wa shamba unaanza na nini, kupanga matuta au kununua udongo gunia gunia umwage juu mvua ikiwa bado inanyesha? Shangazi na sukari yake ya 17 alikuwa anamwaga udongo kwenye mvua. Alimeza magnesiamu asubuhi, jioni sehemu yake kaikojoa, na vidonge ambavyo vingepanga matuta vipo kabatini vimepumzishwa.

Je, kuongeza magnesiamu kunashusha sukari? Kwa mtu ambaye kweli anayo kidogo, tafiti kadhaa zimeona sukari ya asubuhi inashuka kiasi, nyingine hazikuona kitu cha maana. Kwa mtu ambaye anayo ya kutosha, usitegemee. Na kuijua kama unayo sio rahisi vile, kwa sababu magnesiamu iliyoko kwenye damu haifiki hata asilimia 1 ya iliyoko mwilini, nyingine yote iko kwenye mifupa na misuli, kwa hiyo kipimo cha damu kinaweza kusoma kawaida huku stoo imepungua. Mimi kwa hilo naona njia ya chakula ina akili zaidi. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 310 hadi 420 kwa siku, kiganja kimoja cha mbegu za maboga, gramu 30 hivi, kinakupa kama 150, halafu kuna maharage, korosho, karanga, mchicha, na dona. Dona nalisema kwa makusudi, maana madini ya mahindi yako kwenye kiini na ganda la nje, tukikoboa kupata sembe jeupe pe tunawapa kuku magnesiamu sisi tunabaki na wanga.

Ila dona nalo ni ugali, linapandisha sukari, usije ukala mlima ukasema nimesoma mahali.

Na magnesiamu ya vidonge ukizidisha, kitu cha kwanza ni kuharisha, wengi wanaambiwa "sumu zinatoka", hakuna sumu, ni dawa inavuta maji tumboni, aina nyingine za magnesiamu zinauzwa kabisa kama dawa za kulainisha choo. Kwa mwenye figo zilizochoka ni hatari zaidi maana figo ndo zinazoitoa, zisipoitoa inarundikana. Na wagonjwa wa sukari wa muda mrefu ndo hao hao wenye figo zilizochoka, mara nyingi bila wao kujua.

Dawa zako nazo zinahusika

Hii sehemu watu wengi hawaambiwi, na mimi naona ingetangazwa kuliko kopo lolote.

Metformini, kile kidonge karibu kila mgonjwa wa aina ya pili anaanzishiwa, ni dawa nzuri ya bei nafuu, lakini ukiitumia miaka inapunguza uwezo wa utumbo kunyonya vitamini B12. Haionekani haraka kwa sababu ini linatunza akiba ya B12 ya miaka, kwa hiyo mtu anatumia mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu yuko poa tu, huko mbele akiba inaisha. Na dalili za B12 kuisha ni zipi? Ganzi, miguu kuwaka moto, kama sindano sindano kwenye nyayo, kuchoka, kusahausahau. Umeona shida iliyopo? Ni dalili zile zile za mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari. Mgonjwa akisema miguu inawaka anaambiwa ndo sukari hiyo, zoea, kumbe sehemu ya tatizo ingeondoka kwa sindano za B12. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wampime B12 mtu wa metformini mwenye dalili kama hizo. Sio kwamba uiache metformini, hapana, unaomba upimwe, unajaziwa, unaendelea nayo.

Na kuna mtego ndani ya mtego. Mtu akiwa na ganzi anaenda duka la dawa ananunua "vidonge vya neva", mchanganyiko wa B1, B6 na B12, anakula mwaka mzima. Sasa B6 mwili unahitaji miligramu moja na kitu, au mbili tukizidisha, vidonge vingine vina 100 au 200, na B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi. Yaani unakunywa dawa ya ganzi inakuletea ganzi unaongeza dozi.

Dawa za presha za kukojoza, zile za kundi la thiazidi, zinatoa potasiamu na magnesiamu, na potasiamu ikishuka kongosho linazembea kutoa insulini, sukari inapanda kidogo. Upande wa pili kuna dawa za presha kama losartani na enalaprili ambazo zinabakiza potasiamu mwilini. Sasa mtu yuko kwenye losartani, figo zake nusu, anaelekezwa na jirani anywe potasiamu, au abadilishe chumvi atumie ile "chumvi ya wagonjwa" ambayo nyingi imetengenezwa na potasiamu hiyo hiyo, huyo mtu moyo unaweza kusimama bila hodi. Sitii chumvi. Potasiamu sio kitu cha kujaribu jaribu.

Kromiamu na wenzake

Kromiamu ndo staa wa makopo ya sukari, ukisoma kwa nyuma karibu yote imo. Ilianza miaka ya 1950 huko Marekani, watafiti wawili, Klaus Schwarz na Walter Mertz, walikuwa na panya ambao sukari yao haishuki vizuri baada ya kupewa glukosi, wakiwapa hamira ya pombe inashuka, wakaja kusema kilichomo kinachosaidia ni kromiamu. Baadaye, miaka ya 1970, kukatokea mgonjwa aliyekuwa analishwa kwa dripu tu miaka kadhaa, sukari ikamsumbua, wakamwekea kromiamu kwenye dripu ikatulia. Hapo moto ukawaka, makampuni yakaingia. Lakini angalia huyo mgonjwa ni nani, ni mtu ambaye hajatafuna chakula miaka. Wewe unayekula maharage na mchicha sio huyo. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu makopo yaandike uhusiano wa kromiamu na insulini kwa sharti la kuongeza kwamba uhusiano wenyewe una shaka kubwa, na mwaka 2014 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haioni hata ushahidi wa kutosha kwamba kromiamu ni kirutubisho cha lazima kwa binadamu. Kutoka staa hadi kuulizwa kama ulialikwa!

Vitamini D ina hadithi ya heshima zaidi. Walioonekana na vitamini D ndogo walikuwa wanapata kisukari zaidi, kwa hiyo Marekani wakachukua watu 2,423 ambao sukari iko lile eneo la njiani, nusu wakapewa vitamini D yuniti 4,000 kila siku, nusu kidonge kisicho na kitu, wakafuatiliwa kama miaka miwili na nusu. Matokeo yakatoka 2019, kwenye vitamini D walioishia kupata kisukari 293, kwa wengine 323. Tofauti ndogo ambayo kitaalamu inaweza kuwa bahati tu. Baadaye wakajumlisha utafiti huo na mingine miwili inayofanana nao, wakaona hatari inapungua kama asilimia 15 kwa watu wa eneo hilo la njiani. Kwa hiyo sio bure kabisa, lakini ona ni nani, ni mtu ambaye hajaugua bado. Aliyekwisha kuugua haitamfanya aache dawa. Na kutembea na kupunguza kilo kwa watu hao hao wa njiani kunapunguza zaidi ya hapo kwa mbali, tatizo kutembea hakuuziki kwenye kopo.

Kuna vitamini zinazofanya kinyume kabisa. Niasini, yaani B3, ikipewa dozi kubwa kama walivyokuwa wanatibu nayo mafuta ya damu, inapandisha sukari. Seleniamu, kuna utafiti wa Marekani uliolenga kuzuia saratani ya ngozi, walipokuja kuangalia nyuma wakakuta waliopewa seleniamu mikrogramu 200 kila siku walipata kisukari zaidi kuliko ambao hawakupewa. Chuma kikizidi sana kwa wale wenye ugonjwa wa kurithi wa kukusanya chuma kinaharibu kongosho lenyewe, zamani waliita kisukari cha shaba kwa sababu ngozi inabadilika rangi. Ila mama mjamzito asisome hapa akatupa FEFO zake za kliniki, vile vidonge vya chuma na foliki, tafadhali, dozi ile na hali ile ni jambo lingine, endelea kumeza.

Vidonge vinavyodanganya mashine

Hili linanifurahisha kila nikilieleza. Unaweza usiwe na sukari iliyopanda, ukawa na mashine iliyodanganywa. Vitamini C nyingi mwilini kwenye baadhi ya mashine za kupimia na zile sensa za kubandika mkononi inasomeka kama sukari, namba inapanda na wewe hujala kitu. Mtu mzima anahitaji vitamini C kama miligramu 75 hadi 90 kwa siku, pera moja linavuka hapo, kile kidonge cha kuchemka kina 1,000. Sasa mtu anajichoma insulini kwa kufuata namba ya uongo, sukari ya kweli inashuka chini, anazimia. Kama unatumia sensa soma karatasi yake inasemaje kuhusu vitamini C. Na bila vitamini yoyote, ukimenya embe ukapima bila kunawa mkono utapata namba ya kukuliza, hiyo ni sukari ya embe kwenye kidole.

Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, nacho kinaingiliwa. Kile kinapima sukari iliyojipaka kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinaishi kama siku 120. Mtu mwenye upungufu wa chuma chembe zake zinakaa muda mrefu kidogo, zinajipaka sukari zaidi, kipimo kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Mwenye selimundu chembe zake zinakufa mapema, kinasoma chini, anaambiwa hongera wakati hali ni mbaya. Huku kwetu selimundu tunayo nyingi, kwa hiyo kama unayo mwambie daktari kabla hajakisoma kile kipimo.

Na multivitamini ya maji, ile ya utamu wa machungwa, geuza chupa usome, nyingi ndani ni sukari. Zile za kutafuna kama pipi ndo usiseme.

Halafu lile kopo la picha. Kopo ambalo halisemi lina nini ndani mimi naliogopa kuliko yote, hasa likifanya kazi haraka. Mwaka 2008 Singapore watu kama 150 ambao hata kisukari hawana walilazwa, sukari imeshuka vibaya, wanne wakafa. Walikuwa wametumia dawa za magendo, nyingi za nguvu za kiume, ndani yake mna glibenklamidi, dawa kali ya kushusha sukari. Kwa hiyo ukisikia "hii ya asili kabisa, siku tatu tu sukari ikashuka", usishangilie bado. Na makopo yanayotoka Marekani geuza usome chini kabisa, kwa sheria yao ya mwaka 1994 likidai lolote kuhusu mwili lazima liandike kwamba bidhaa hii haikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Muuzaji anasema linatibu, kopo lenyewe linakataa.

Turudi kwa shangazi. Hatukugombana, mtu mzima humgombezi. Nilimwambia shangazi hebu kikapu chote hiki twende nacho kliniki, tumwonyeshe daktari, akisema tuendelee tutaendelea. Daktari hakucheka wala hakufoka, namshukuru kwa hilo, alipanga makopo mezani moja moja akauliza miguu ikoje. Shangazi akasema inawaka usiku, mwaka wa pili huu, alikuwa hajamwambia mtu. Wakapima figo, ziko salama, wakapima B12, iko chini. Alirudishiwa metformini, akaanzishiwa sindano za B12, na katika yale makopo saba, hamna hata moja lililokuwa na maana kwake, maana hata ile multivitamini B12 yake ilikuwa ya kunusa tu. Alikuwa anakosa kitu kimoja, na ananunua saba vingine.

Wiki ya sita nikampigia, sukari ya asubuhi 7.9, miguu anasema inawaka bado ila analala. Lile kopo la kongosho linalotabasamu dawa kaimwaga, kopo kaliosha, sasa hivi anawekea iliki.